Mwalimu Aliyefundisha Kufeli

Mwalimu wangu wa tuisheni alikuwa akiogopa ng'ombe. Kwetu mtu anaruhusiwa kuogopa mengi: nyoka, mtendaji wa kijiji, mama mkwe. Lakini ng'ombe? Watoto wa miaka sita wanawachunga. Yeye alikuwa akifika na baiskeli yake, anasimama barabarani, anapiga kengele mara mbili na kungoja mtu aende kumhakikishia kuwa zizi limefungwa. Ndipo anaingia, ameshika fimbo ndefu ambayo hakuwa na nia ya kuitumia, anavua kofia na kumsalimia mama, "Mwadila, Mama Minza," kama vile hakuwa amesimama robo saa juani kwa sababu ya ndama.

Minza ni mimi. Yeye simtaji jina kwa kuwa pale kijijini hakuna aliyelitumia. Walimu wa shuleni kila mmoja alikuwa na jina lake, na wengine mawili, la kwenye barua za serikali na lile tulilowapa sisi. Huyu alikuwa Mwalimu tu. Alikuwa amestaafu shule moja ya msingi upande wa Bukombe, akahamia kijiji cha jirani na chetu, kwenye njia ya kutoka Kahama kwenda Ushirombo, na alikuja kwetu mara tatu kwa juma baada ya saa za shule. Malipo yake yalikuwa maziwa mgando. Ng'ombe aliwaogopa, maziwa yao hakuyaogopa hata kidogo.

Alikuja kunifundisha kufeli. Naomba niieleze habari hii vizuri, maana nikiwasimulia watu wa mjini hudhani natania.

Mwaka ule nilikuwa darasa la saba, na baba alikuwa ameshapata mkwe. Mkwe mwenyewe alikuwa mchimbaji wa huko Geita ambaye duara lake lilikuwa limetema, kama wasemavyo wachimbaji shimo likitoa dhahabu, naye ghafla akagundua kwamba anahitaji mke na kwamba ng'ombe wa mahari si tatizo. Tatizo lilikuwa serikali. Mtoto akifaulu darasa la saba asiporipoti sekondari, mtendaji anakuja mlangoni na mgambo, na baba mtu anawekwa ndani. Lakini aliyefeli, nani atamuulizia? Kwa hiyo baadhi ya wazazi wa kwetu walikuwa na utaratibu wao. Siku chache kabla ya mtihani unamwita binti, unamkalisha, unamwambia asilibe majibu ya uongo. Kusiliba ni kujaza kwa penseli kile kiduara chenye herufi ya jibu. Herufi ziko tano, moja ni sahihi na nne ni makosa. Mtu angedhani ni kazi nyepesi.

Ndivyo alivyodhani jirani yetu, Baba Holo, mwaka uliotangulia. Alimwambia binti yake afeli, na Holo alikuwa mtiifu kupita kiasi. Bahati mbaya alikuwa hajui chochote. Alitafuta kosa katika kila swali, akasiliba kile alichokiamini kuwa kosa, na mara nyingi likawa ndilo jibu. Sekondari ya kata ilikuwa mpya, madarasa yake yana nafasi, na hawakuwa wachaguzi sana. Holo akachaguliwa. Baba yake alisimama mbele ya mtendaji akiapa kwamba hakuna mtoto aliyejitahidi kufeli kama wake. Kijiji kizima kilicheka mpaka msimu wa mavuno.

Baba yangu hakucheka. Alirudi nyumbani akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mwisho darasani, yaani nilikuwa na kila sifa ya kufaulu kwa ajali.

Mama ndiye aliyemleta Mwalimu. Walifahamiana kanisani, na sijui walizungumza nini huko. Najua tu kwamba alasiri moja kengele ya baiskeli ililia barabarani, na baada ya kuhakikishiwa habari za zizi, mzee mmoja mwembamba akaketi kwenye kigoda chetu.

"Huyu ni wa nini?" baba aliuliza.

"Wa kumfundisha Minza," mama alisema.

"Kufundishwa nini tena? Si tumeshaongea?"

Mwalimu aliweka kofia yake gotini. "Baba Minza, ya jirani yako umeyasikia. Mtoto asiyelijua jibu la kweli atalikwepa vipi? Lazima alijue kwanza. Mimi nitamfundisha kufeli kwa uhakika."

Baba alifikiri. Alikuwa mtu wa minadani, anayajua maneno yenye uzito akiyasikia. "Masomo yote?"

"Yote matano."

"Basi aanze leo," baba alisema. Mama alikuwa jikoni akichochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri.

Ubao wetu ulikuwa mlango wa bati wa ghala la mpunga. Chaki alikuja nayo kwenye mfuko wa shati, kwa hiyo siku zote upande wa moyo wake ulikuwa mweupe. Mwandiko wake ulikuwa mbaya ajabu, nao ndio aliotumia kunikemea kuhusu mwandiko wangu. Na hakuwahi kuniuliza jibu ni lipi. Aliandika swali na majibu matano, kisha akasema, "Lile la kweli liache kwanza, lina watu wengi wa kulisifia. Nipe habari za hawa wanne." Ilinibidi nieleze kila kosa limetoka wapi. Hili ni la mtoto aliyesahau kubeba moja. Hili ni la aliyechanganya kipenyo na nusu yake. Hili ni la aliyesoma swali nusu kwa sababu ana haraka ya kwenda kucheza. Hili halina mzazi, limewekwa kujaza nafasi. Miezi miwili ya mwanzo nililia sana. Wa tatu nikaanza kuyatambua makosa kwa sura kabla hata hajamaliza kuyaandika, na nikaona haya, kwa sababu karibu yote yaliwahi kuwa yangu.

Baba alihudhuria. Mwanzoni alikuja kuhakikisha kazi aliyoagiza inafanyika. Baadaye alikuja na kigoda chake mapema kuliko mimi. "Umemaliza hesabu?" aliniuliza kila nikirudi kutoka kuchota maji. "Usije ukaniaibisha kama yule wa jirani." Sijui nyumba nyingine kijijini ambako mtoto alisimamiwa masomo kwa ukali ule.

Siku moja Mwalimu aliandika: ng'ombe wanne wanamaliza nyasi za shamba kwa siku sita, je, ng'ombe wanane watamaliza kwa siku ngapi? Nikafungua mdomo kusema tatu.

"Ngoja," baba alisema. "Ng'ombe gani hao? Wa kienyeji au wa kisasa?"

"Wowote tu, Baba Minza."

"Wana ndama? Na maji wananywea wapi? Kama kisima kiko mbali siku nzima itaishia njiani."

"Hawa ni ng'ombe wa hisabati."

"Ndio wanaokufaa wewe," baba alisema. "Hawana pembe."

Hata hivyo aliposhindwa kupinga tena, aliomba lingine. Tulipofika kwenye eneo la duara, Mwalimu alisema tukapime zizi letu, maana lilikuwa la mviringo. Mimi na baba tulivuta kamba kutoka upande hadi upande, Mwalimu akitoa maelekezo kutoka barabarani kwa sauti ya juu. Jibu lilipopatikana baba alilitazama pale mlangoni pa ghala, akazunguka zizi, akarudi kulitazama. Alilijenga zizi lile kwa mikono yake na hakuwahi kujua lina ukubwa gani.

Maarifa ya Jamii tulisomea ukingoni mwa barabara. Malori yalipita na makontena kutoka Isaka, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na kila lori lilikuwa swali. Mji mkuu? Zao la biashara? Jirani zake wa mashariki? Mwalimu aliielezea milima ya Kigali vizuri hata nikaona ukungu wake. Nilimuuliza alikwenda lini. "Sijawahi," alisema, bila aibu yoyote, akaendelea na mabonde.

Sayansi ilimgombanisha na bibi. Sikukuu ya Pasaka mbuzi alichinjwa, na Mwalimu, aliyealikwa kula, akauomba moyo kabla haujaingia chunguni. Aliupasua juu ya jani la mgomba, akanionyesha vyumba vinne, damu inaingilia wapi na kutokea wapi, naye akasahau kabisa kwamba kuna watu wana njaa. Bibi alisema hata mganga anayepiga ramli kwa mbuzi hachelewi hivyo.

Kiingereza kilikuwa mtihani wake yeye. Alizijua kanuni zote, akanifundisha zote, kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akikiongea. Siku moja gari la wazungu wa utafiti wa madini lilisimama kwetu kuulizia njia. Mwalimu alikumbuka papo hapo kwamba baiskeli yake ina pancha, akaisukuma mpaka nyuma ya ghala. Nilibaki peke yangu mbele ya dirisha la gari, nikatoa sentensi tatu. Wakanielewa, wakaenda, na hata njia niliyowaelekeza ilikuwa ndiyo. Kutoka nyuma ya ghala sauti ikasema, "Ya pili umekosea wakati." Nilimpenda sana siku ile, na nilitamani kumpiga jiwe.

Sasa niseme jambo lililokuwa likinisumbua. Mwalimu hakuwa mwongo. Alikuwa hawezi. Mama akiunguza ugali yeye alisema, "Umeungua, Mama Minza," kisha akaula wote. Mwenyekiti wa kitongoji alimwomba aseme hotuba yake ilikuwa nzuri, akasema ilikuwa ndefu. Baba alimwamini kwa sababu hiyo hasa. Na mimi nilikuwa nikijiuliza mtu wa namna ile anakaaje nyumbani kwetu juma baada ya juma, anakunywa maziwa yetu, na kumwahidi baba kwamba nitafeli. Ama alikuwa anamdanganya baba, ama alikuwa ananiandaa kweli kwa yule mchimbaji. La tatu sikuliona.

Nilimuuliza mara moja tu, zikiwa zimebaki siku chache. Baba alikuwa mnadani. "Mwalimu, siku ya mtihani nisilibe lipi?"

Alifuta mlango wa ghala kwa mkono wa shati, taratibu, mpaka ukabaki bati tupu. "Kazi yangu ni wewe kujua," alisema. "Kusiliba si somo langu."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Mimi naona nimechelewa, na ng'ombe wanarudi."

Akapanda baiskeli. Nilikasirika sana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilitaka mtu mzima mmoja aibebe dhambi ile badala yangu, ama ya kumwasi baba ama ya kujiua mwenyewe kimasomo, na yule niliyemtegemea alikuwa anakimbia mitamba.

Usiku wa kuamkia mtihani baba aliniita. "Unayajua yote?"

"Ndiyo, baba."

"Basi unajua la kufanya." Hakunitazama usoni. Alikuwa anasuka kamba, na ile kamba tayari ilikuwa ndefu kuliko ng'ombe yeyote anavyohitaji.

Karatasi ya kwanza nilisiliba makosa matano ya mwanzo, kwa usafi, kama nilivyofundishwa. Nikafika la sita. Lilikuwa jepesi mno, lile ambalo hata wa mwisho darasani angelipata, na nikawaza kwamba anayesahihisha, awe mtu au mashine, ataniona mjinga. Watu hupenda niseme kuwa niliwaza maisha yangu ya baadaye, au haki za mtoto wa kike. Sikuwaza hayo. Kilikuwa kiburi tu. Kazi yote ile, machozi yote yale, halafu mtu asiyenijua aone sijui wingi wa neno jepesi kama lile? Nikachukua ufutio, nikarudi swali la kwanza. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa baba jioni ile, na yeye aliniuliza tu kama nimekula.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa ofisi ya kata, Mwalimu alikuja mwenyewe. Alipiga kengele, akahakikishiwa, akaingia.

"Uliniahidi atafeli," baba alisema.

"Nilikuahidi nitamfundisha. Nimemfundisha. Hakutaka kuitumia elimu yake."

Mama alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria tupu. Mwishowe baba akanigeukia mimi. "Lile la duara lilitoka?"

"Lilitoka, baba."

"Zizi?"

"Bustani ya maua."

"Bustani ya maua," baba alirudia kwa dharau. "Ukapata?"

"Nikapata."

Akatikisa kichwa, akainuka, akatembea polepole mpaka zizini, na bila kusema neno akafungua lango. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na kitu. Alipanda juu ya ghala la mpunga kwa namna ambayo sijaiona kwa kijana yeyote tangu siku hiyo, na fimbo yake akaiacha chini. Baba alimwacha huko juu mpaka ng'ombe wote walipokwisha kupita, kila mmoja kwa wakati wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Mchimbaji alioa kwingine, baba alinuna mpaka mwaka mpya, na shule ilipofunguliwa alinibebea tranka langu kichwani hadi sekondari.

Leo mimi ni mpima ardhi. Mwaka jana kazi ilinipeleka Kahama, nikasikia kwamba Mwalimu yuko mtaa wa Nyasubi, miguu imegoma, anaishi kwa binti yake anayeuza mchele sokoni. Nilinunua sukari na sabuni, nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kibarazani, amepungua, mfuko wa shati hauna chaki. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa ameketi mkekani na ungo mapajani akichambua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Minza. Wa zizi la mviringo."

Akacheka mpaka akakohoa. Tukaongea ya baba, ya mama, ya watoto wangu. Kisha nikamwambia nililokuwa nimekwenda kumwambia, kwamba namshukuru kwa kumdanganya baba yangu, maana bila ule uongo nisingekuwa chochote.

Uso wake ukabadilika. "Sikumdanganya baba yako. Mimi ningeweza kukufundisha kufeli. Nilishawahi kumwona aliyeweza." Akamwelekezea kidevu binti yake pale mkekani. "Huyu. Ndugu zangu walikuwa wameshakula mahari yake. Nilimkalisha nikamwambia afeli. Mimi, mwalimu, mwenye chaki mfukoni."

Binti yake aliendelea kuchambua.

"Nilidhani ni mtoto wa kawaida tu," Mwalimu alisema. "Sikuwa nimewahi kukaa naye chini kumsomesha, nilikuwa na watoto wa watu. Matokeo yakaja, mwalimu mkuu akaniita. Hisabati, maswali hamsini, sifuri. Akaniuliza, mzee, hii maana yake nini? Asiyejua hapati sifuri, Minza. Asiyejua anabahatisha, anaokota hata kumi. Ili ukose yote hamsini lazima uwe unayajua yote hamsini." Akayatazama magoti yake. "Ndivyo nilivyojua nilikuwa na mtoto wa namna gani."

Nilitazama chini kwenye mchele.

"Haikuwa sifuri, baba," binti yake alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Kila mgeni unamwambia sifuri. Nilipata moja."

Mwalimu alipapasa mfuko wake wa shati. "Moja," alisema. "Ndiyo. Ilikuwa moja."

Yule mama akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa uani, kisha akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Kulikuwa na swali moja nilikuwa silijui," alisema.